UZI: Jiko la mhunzi la kubebeka kwa makaa ya mawe, na blowa ipi inalifaa (kwa mafundi wa Dar)

Fundi Tindo

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wanaingia kwenye uhunzi siku hizi. Kuna wa visu, kuna wa mageti ya urembo, kuna wanaochonga upya mitaimbo na tindo za mafundi ujenzi. Karibu wote wanakwama sehemu moja: hewa. Mtu anatafuta blowa kubwa kuliko zote anayoweza kuimudu, anaifunga chini ya ringi ya gari, halafu makaa yanaruka, ncha ya chuma inaungua huku katikati bado cheusi, na gunia linaisha kabla ya adhuhuri. Kisha anarudi dukani kutafuta blowa kubwa zaidi.

Mimi naamini, na nitalitetea hili hapa, kwamba jiko dogo linataka hewa kidogo yenye presha, na linataka fundi aweze kuipunguza hapohapo alipo bila kuacha koleo. Mengine yote yanafuata baada ya hayo mawili.

Tuanze na hesabu, maana wengi tunauziwa vitu kwa kukosa hesabu. Kilo moja ya kaboni tupu ikiungua ikaisha inakula kama kilo 11.5 za hewa. Kwa joto letu la Dar hiyo ni karibu mita za ujazo 10. Makaa ya mawe yana majivu na unyevu ndani yake, kwa hiyo chukua mita 7 au 8 kwa kilo. Jiko la kufulia tindo, visu na mashoka linakula kilo 2 hadi 3 kwa saa. Zidisha uone: mita 24 kwa saa, yaani chini ya nusu mita ya ujazo kwa dakika. Weka mara tatu kwa ajili ya hewa inayovuja na ile inayopita bila kugusa kaa, bado uko kwenye mita moja na kidogo kwa dakika. Feni ya mezani inasukuma hewa nyingi kuliko hiyo. Mbona basi haiwashi jiko?

Kwa sababu hewa ya feni ya mezani haina presha. Mapanga yake yanasukuma mbele tu, na hewa ikikutana na rundo la makaa ya sentimita 10 inageuka na kurudi kupitia pembeni mwa mapanga yenyewe. Feni za kompyuta ni hivyohivyo. Jiko linataka blowa ya umbo la konokono: gurudumu linazunguka ndani ya boma, linanyonya hewa katikati na kuitupa pembeni, na boma linaikusanya hadi mdomoni. Hiyo ikikutana na kizuizi inakazana.

Ukiwa Ilala kwenye spea zilizotumika, mwambie muuzaji aiunge kwenye betri, halafu ziba mdomo wa blowa kwa kiganja chako. Sikiliza. Blowa ya konokono iliyo nzima inapandisha sauti, inalia kwa wembamba zaidi, maana gurudumu halibebi hewa tena na mota imepata nafuu. Kiganja chako kinahisi msukumo usiolegea. Ikiwa sauti haibadiliki na hewa inakutokea kwenye vidole upande wa nyuma, rudisha. Tikisa pia shafti ya mota kwa vidole. Ikicheza, bushi zimekwisha.

Anayetaka kupima kabisa achukue mpira mwembamba wa maji unaopenya mwanga, aukunje umbo la U, atie maji nusu, achomeke upande mmoja kwenye mdomo wa blowa na kuziba uwazi uliobaki. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ndiyo presha. Jiko dogo la makaa ya mawe linafurahi kwenye sentimita 3 hadi 5. Mkaa wa kawaida unatosheka na chini ya hapo, kwa sababu vipande vyake vyepesi vinaacha nafasi.

Kwangu mimi chaguo la kwanza kwa jiko la kubebeka ni blowa ya kiyoyozi cha gari dogo, ile inayokaa nyuma ya dashibodi. Ni ya volti 12, haijali kama umeme upo au umekatika, na spea zake zimejaa mjini. Ikiachiwa yote inaweza kula ampea 15 na zaidi, lakini jiko haliihitaji yote. Ukiipunguza hadi ampea 4, betri ya ampea-saa 50 (50 Ah) ukitumia nusu yake tu inakupa saa 6. Betri ya bodaboda haifai, itakufa ndani ya saa moja au mbili. Paneli ya sola ya wati 100 jua la mchana inatoa ampea 5 au zaidi kidogo, kwa hiyo ukiwa site ya wazi inaibeba blowa hiyo na betri inabaki akiba.

Sasa kizibo. Hata uwe na kidhibiti cha spidi, weka kizibo cha bati kinachoteleza kwenye bomba kati ya blowa na jiko, chenye mpini unaofikika ukiwa umesimama mbele ya moto. Kuna imani mitaani kwamba ukiziba blowa unaiua mota. Kwa blowa ya konokono ni kinyume: ukiziba inabeba mzigo mdogo na inakula umeme mdogo. Zinazoumia ni zile ambazo mota inapozwa na hewa ileile inayosukumwa, kama za mashine za kunyonya vumbi.

Kuhusu jiko lenyewe sitakuwa mrefu, kuna njia nyingi. Dramu ya breki ya Fuso au lori lingine ni bakuli zuri tayari. Toboa au tumia tundu la katikati, weka chini yake bomba la inchi 2 lenye umbo la T: upande mmoja unaingia hewa, chini kabisa kuna mlango wa majivu wenye uzito unaojifunga wenyewe. Juu ya tundu weka pleti nene ya milimita 10 au 12 yenye matundu machache ya milimita 10. Usichomelee pleti hiyo, iache ikae tu, maana itaungua na utaibadilisha. Bomba la kutoka kwenye blowa liwe na urefu wa mita moja hivi, nusu ya karibu na moto iwe chuma. Miguu mitatu ya bomba, ya kuingiza na kutoa. Mitatu, si minne, ili isimame kwenye ardhi yoyote. Kimo kiwe usawa wa fuawe lako.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yasikae karibu na moto. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe unaleta homa ya kutetemeka usiku mzima. Tumia bomba jeusi.

Dramu nayo ni chuma cha kumimina. Ukimwaga maji ndani ikiwa ya moto inapasuka.

Ndani ya dramu pakwa udongo ili bakuli liwe na mteremko kuelekea kwenye tundu. Watu wa Dar tuna bahati, vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe unaostahimili joto kali. Changanya udongo kiasi kimoja na mchanga viwili, maji kidogo sana, shindilia, acha ukauke kivulini siku kadhaa, kisha washa moto mdogo wa kuni kwanza. Saruji msitumie, inamomonyoka. Mawe ya pwani ndiyo kabisa, yana unyevu ndani na yanalipuka.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

Kijana wa Kigamboni

Fundi, ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi nataka kuanza na visu vya jikoni. Dada yangu ana saluni, amenipa draya ya nywele ambayo koili imekatika lakini mota nadhani nzima. Nilikuwa nataka kutoa koili na kuiunga mota moja kwa moja kwenye soketi. Itafaa?

---

umeme_mdogo

Mdogo wangu, usifanye hivyo kabla hujaifungua. Draya nyingi za bei ya chini zina mota ya DC (umeme kama wa betri) ya volti ndogo, kati ya 12 na 24 hivi. Volti nyingine zote zinaliwa na kipande cha koili kilichoungwa mfululizo na mota, na mgongoni mwa mota kuna diodi nne za kugeuza umeme. Kwa hiyo koili ile, mbali na kupasha joto, ndiyo inayoilinda mota. Ukiitoa ukachomeka kwenye 230, mota inaungua papo hapo, na wewe unaweza kuumia.

Toa koili, toa diodi, bakiza mota na mapanga yake ndani ya boma la plastiki, halafu ilishe volti 12 kutoka kwenye betri. Zile draya nzito za saluni zinaweza kuwa na mota ya AC (umeme wa soketi) ya kweli inayokwenda na 230 moja kwa moja. Utaitambua kwa umbo kubwa na koili za shaba zinazoonekana nje. Kama huna uhakika, peleka kwa fundi akuangalizie.

---

Fundi Tindo

Nimejifunza, mkuu, asante. Kijana, nyongeza tu: draya nyingi zina mapanga ya kusukuma mbele, presha yake inatokana na spidi kubwa tu. Itakufaa kwa mkaa na visu vidogo. Kwa makaa ya mawe utachoka nayo. Na isogeze mbali na moto, plastiki ile inalainika mapema.

---

Mzee wa Gerezani

Nimesoma yote. Mmeandika vizuri, lakini mnarukia betri kana kwamba hewa ilianza na betri. Mbona hamjataja gurudumu la baiskeli? Sisi tulikuta wazee wanafua kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, mikono miwili, mmoja unapanda mwingine unashuka, na chuma kilikuwa kinaiva. Baadaye likaja gurudumu la baiskeli na mkanda, likageuza feni ya mapanga ya bati. Wapo wanaotumia mpaka leo.

Faida ya mkono ni kwamba moto unapata hewa pale tu chuma kipo ndani. Ukitoa chuma kwenda kwenye fuawe, mkono umeacha, makaa yanapumzika. Hizi za betri zinapuliza muda wote fundi akiwa anagonga, na makaa yanaliwa bure.

Tena nchi hii si ngeni kwa jambo hili. Wafipa wa Sumbawanga walijenga matanuri marefu ya kuyeyushia mawe ya chuma bila mvukuto wowote, urefu wenyewe ndio uliovuta hewa. Na Buhaya walizamisha mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika hilo mwaka 1978 kwenye jarida la Science. Vijana wajue kwamba suala la hewa liliwashughulisha watu wa hapa zamani sana.

---

Fundi Tindo

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli kuhusu hewa inayopotea fundi akiwa kwenye fuawe, na hilo ndilo lililonifanya nisisitize kizibo. Siku hizi naongeza swichi ya mguu: kipande cha mbao chenye bawaba na swichi chini yake, ukikanyaga blowa inazunguka, ukitoka inazima. Nafuu yake kwenye makaa inaonekana.

Gurudumu la baiskeli tulifanyie hesabu, maana kuna watu wa bajeti ndogo humu. Ringi ya inchi 26 bila tairi ina kipenyo cha sentimita 56 hivi. Ukiipeleka kwa mkanda hadi kwenye puli ya sentimita 3, kila mzunguko wa mkono unazungusha feni karibu mara 19. Mkono wa kawaida, mizunguko 60 kwa dakika, feni inapata zaidi ya 1,100. Kwa gurudumu la feni la sentimita 25 lenye mapanga yaliyonyooka, ndani ya boma la bati lisilovuja, unapata presha ya kama sentimita 2 za maji. Inatosha mkaa. Kwa makaa ya mawe ongeza mwendo: presha inapanda kwa mraba wa spidi, kwa hiyo mizunguko 90 inakupa zaidi ya mara mbili ya presha ile. Kinachoharibu majiko mengi ya baiskeli ni uwazi kati ya mapanga na boma. Ubane mpaka uwazi uwe mdogo kabisa pale mdomo unapoanzia.

Anayeanza, hana betri, ana mtu wa kumzungushia, aende na baiskeli bila kusita.

Kupasha hewa joto kabla haijaingia, wataalamu wengine walikuja kubishana na kina Schmidt kuhusu ukubwa wa faida yake. Kwa jiko letu hili la kubebeka siishauri, mabomba yanaungua haraka na faida hutaiona.

---

Mzee wa Gerezani

Marahaba. Hiyo swichi ya mguu nimeikubali.

---

mkaa_na_mawe

Wakuu, makaa ya mawe kwa kiroba hapa Dar mnapata wapi? Na je, tunaweza kutumia mkaa wa gunia kwenye jiko hilohilo? Halafu kuna kitu kinanitisha: jiko langu likizimwa hewa kidogo nikaja kuwasha tena, mara nyingine linapiga kishindo ndani ya bomba. Linaweza kulipuka?

---

Fundi Tindo

Naanza na kishindo kwa sababu ni hatari. Makaa ya mawe yakipashwa joto yanatoa gesi. Hewa ikizimwa ghafla gesi ile inashuka kupitia matundu, inaingia kwenye bomba na kukutana na hewa iliyomo. Blowa ikiwaka, cheche inaifuata na inalipuka. Kwa bomba fupi ni mshtuko na majivu usoni. Kwa bomba refu lililozibwa pande zote inaweza kupasua maungio na kuua blowa. Dawa yake: unapozima, fungua mlango wa majivu chini ubaki wazi, au acha kizibo na ufa mwembamba ili hewa kidogo iendelee kupanda. Ndiyo maana nilisema mlango wa majivu ujifunge kwa uzito wake tu, bila komeo. Ikilipuka, mlango unafunguka wenyewe na presha inatokea chini. Anayetumia swichi ya mguu ndiye anayepaswa kuwa makini zaidi, akiacha kazi kwa zaidi ya dakika moja afungue mlango wa chini.

Upatikanaji: makaa ya mawe ya nchi hii yanatoka Ngaka kule Mbinga, na Kiwira nyanda za juu kusini, na mengi yanakwenda kwenye viwanda kwa malori. Kwa kiroba hayauzwi kila kona kama mkaa. Wanaojua pa kuyapata ni wayeyushaji wa vyuma na wenye malori. Nenda maeneo ya viwanda uulize, patana nao. Chagua vipande, usikubali vumbi tupu, na uvivunje vifike sentimita 2 au 3.

Mkaa unatumika jiko hilohilo ukilibadili kidogo. Makaa ya mawe yanagandana yakiungua, yanajenga kuta za moto yenyewe. Mkaa haugandani, unaenea tu kwenye sahani yote. Weka matofali mawili ya kuchoma, moja kila upande wa tundu, uwe na mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 12 hadi 15, na punguza hewa hadi cheche ziache kuruka. Mkaa wa miti migumu ni bora, ule mwepesi unaisha huku unautazama.

Wa makaa ya mawe ajue pia kwamba yetu yana majivu mengi. Majivu hayo yanayeyuka na kuganda juu ya pleti kama donge la kioo cheusi, ndiyo mavi ya chuma, wengine wanaita klinka. Dalili yake ni moto kufifia katikati huku blowa inalia kwa nguvu. Zima, ngoja dakika chache ligande, lichomoe zima zima kwa ndoano. Ukilichokoa likiwa laini linasambaa na kuziba matundu yote.

---

Mama Kokoto

Fundi, habari ya kazi kaka yangu. Mimi nina vijana wanapasua mawe huku Kunduchi. Mitaimbo na tindo zinaisha ncha kila siku, naagiza watu wazipeleke mjini kuchongwa, siku nzima inapotea. Nikitengeneza jiko kama hili likakaa hapahapa, kijana wangu mmoja akafundishwa, linaweza kututosha? Tatizo langu lingine, aliyekuwa anatuchongea, ncha zake ama zinapinda siku ileile ama zinakatika. Hapo blowa inahusika au ni mkono wa mtu?

---

Fundi Tindo

Salama dada yangu, pole na kazi. Linawatosha kabisa, kazi kama yako ndiyo jiko la kubebeka lilitengenezewa. Na swali lako la pili ni zuri sana, blowa na mkono vyote vinahusika.

Hewa ikizidi, oksijeni inapita kwenye makaa bila kuliwa yote na inakula chuma. Ncha inatoa cheche nyeupe za kutawanyika, na chuma kilichotoa cheche hizo kimeungua ndani, hakirudi. Kitakatika tu. Kikate hapo, uanze upya. Kwa hiyo kijana wako ajifunze kuona rangi akiwa kivulini, maana kwenye jua la Kunduchi chuma cha rangi ya machungwa kinaonekana cheusi na atazidisha moto. Mjengee kibanda cha makuti au turubai juu, lakini pande zote ziwe wazi. Moto huu unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, haufanyiki ndani ya chumba.

Kuchonga ncha: njano kali, nyuzi 1,100 na kidogo, anagonga. Ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia anaacha kugonga, anarudisha motoni. Akiendelea kugonga chuma kilichopoa, kinapata nyufa asizoziona.

Akishamaliza umbo, ndiyo kazi ya ugumu. Achukue sumaku, hata ile ya spika mbovu, aifunge kwenye waya. Apashe ncha taratibu, hewa kidogo sana, sentimita 5 au 6 tu za mwisho ziive. Kila mara aiguse kwa sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku inaacha kushika. Aongeze joto kidogo tu juu ya hapo, kisha azamishe sentimita 2 au 3 za ncha kwenye maji huku akizipandisha na kuzishusha, ili mpaka wa baridi na moto usiwe mstari mmoja. Kwenye mstari ndipo panapokatika.

Hapo asiiache. Akiitoa, shingo juu bado ina moto. Asugue ncha haraka kwa kipande cha tofali mpaka ing'ae, halafu aangalie. Moto wa shingoni unatembea kuja nchani, na rangi zinatembea nao kwenye ule mng'aro: kwanza manjano hafifu, kama nyuzi 220, halafu hudhurungi, halafu zambarau kwenye 280, halafu bluu. Zambarau ikifika nchani, tindo yote ndani ya maji. Kwa mtaimbo asubiri bluu, kwa sababu mtaimbo unapigwa na kuinuliwa, unataka ustahimilivu kuliko ugumu. Ncha zako zinazokatika ziliachwa bila hatua hii. Zinazopinda, ama hazikufika kwenye joto la sumaku kuachia, ama chuma chenyewe hakina kaboni ya kutosha, na hicho hata angefua nani hakiwi kigumu. Jaribu tindo zilizofuliwa kutoka springi za gari uone tofauti.

Miwani ya kukinga macho si hiari. Na ndoo ya maji na ya mchanga vikae karibu kabla moto haujawashwa.

---

Mama Kokoto

Nimekuelewa mpaka mwisho. Aliyekuwa anatuchongea alikuwa anazamisha moja kwa moja na kuondoka. Blowa ya gari nitaitafuta, betri tunayo ya pampu. Kijana wangu naye anauliza, moshi hautaleta ugomvi na majirani?

---

Fundi Tindo

Moshi mzito wa njano ni wa makaa ya mawe mabichi yaliyomwagwa juu ya moto. Awashe kwa mkaa, ukishakolea aweke makaa ya mawe pembeni kuzunguka moto, yamelowanishwa kidogo, na ayasogeze katikati polepole yakishageuka kuwa vipande vyepesi vyenye matundu. Gesi itaungulia motoni badala ya kupanda juu. Pembeni tu alowanishe, kwenye bakuli la dramu maji yasifike. Asubuhi ukiwasha muda wa watu kuanika nguo, zungumza nao kwanza.

---

Kijana wa Kigamboni

Fundi, la mwisho. Nataka liwe linapanda bodaboda nikivuka nalo pantoni. Dramu ya Fuso si itakuwa nzito?

---

Fundi Tindo

Nzito mno kwa bodaboda, hiyo ni ya kirikuu au bajaji ya mizigo. Wewe wa visu tafuta dramu ya gari dogo, ifanye ya mkaa, na hewa iingie ubavuni badala ya chini: bomba jeusi la inchi moja, limepita kwenye udongo, sentimita 4 juu ya sakafu ya bakuli. Hakuna mlango wa majivu, hakuna pleti, uzito umepungua. Miguu ichomoke, blowa ifungwe kwa nati mbili za kipepeo ili uibebe kwenye begi peke yake. Kabla hujaondoka, mwaga majivu yote na ugeuze kaa zote uone hakuna lililo hai, usipande chombo cha abiria na jiko lenye moto ndani. Ukishapanda, lifunike na plastiki, udongo usipate mvua.

Jumamosi nipo site Boko kuanzia saa 1 asubuhi na jiko la aina hiyo. Nitumie ujumbe nikuelekeze, uje na dramu yako tuitoboe hapohapo.